Somo juu ya Amri ya Saba: Mizani, Mshahara na Simu



Katika Amri ya saba Mungu atukataza kuiba. Kila mtu aelewa upesi kwamba kuvunja ghala ya jirani ni wizi, na kwamba kuchukua mbuzi wa mwenzako usiku ni wizi. Lakini kuna wizi mwingine usiovunja mlango wala kungojea giza. Hufanyika mchana, mbele ya watu, na aliyeibiwa huondoka akisema, "Asante." Wizi huo hukaa ndani ya mizani, ndani ya daftari, na siku hizi hata ndani ya simu. Somo hili lahusu wizi huo.

MFANO

Tufikiri kijana mmoja wa Salamabila, mkatekumeni wa mwaka wa pili, mwenye mke na watoto wawili. Kifua chake ni kibovu, hawezi kushuka shimoni. Akapata kazi kwa mnunuzi wa dhahabu. Kazi yake ilikuwa kupokea vumbi la dhahabu, kulipuliza ili mchanga utoke, kuliweka juu ya mizani ndogo na kutaja uzito. Tajiri wake alikaa nyuma, akitoa fedha.

Mizani ile ilikuwa ya vikombe viwili. Kikombe kimoja chatiwa dhahabu, cha pili chatiwa njiti za kiberiti na vipande vya sarafu za zamani, kila kimoja kwa uzito wake uliozoeleka. Siku ya tatu tajiri akamwonyesha njiti za namna mbili. Nyingine zilikuwa kavu. Nyingine zilikuwa zimelowekwa katika mafuta, nazo ni nzito kidogo.

"Akija mtu ajuaye hesabu, tumia zilizo kavu," alisema tajiri. "Akija mama wa kutwanga mawe, au kijana mgeni, tumia hizi nyingine."

"Bwana, je, huu si wizi?" aliuliza kijana.

Tajiri akacheka. "Mizani ndiyo inayosema, si wewe. Wewe unasoma tu."

Baadaye tajiri alinunua mizani ya betri, yenye namba zinazowaka. Watu wakafurahi, wakasema, "Sasa haki imefika." Lakini mizani ile nayo hurekebishwa kwa kubonyeza kidude, na mwenye kubonyeza alikuwa tajiri yuleyule.

Kijana alikaa katika kazi hiyo miezi mitatu, na kila Jumapili aliketi katika mafundisho. Walipofika kwenye Amri ya saba hakuweza kulala. Siku ya mkutano wa shirika alisimama, akasema: "Wazee wangu na mama zangu, nina maswali mawili. Je, mwizi ni mimi au ni mizani? Na nikiacha kazi hii, watoto wangu watakula nini?"

Maswali haya mawili ni ya kweli. Ni vibaya kulijibu la kwanza kwa ukali na kuliacha la pili.

Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristu mwaka 1925, aliwazoeza vijana hao kufuata hatua tatu mbele ya kila shida: kuona, kupima, kutenda. Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika waraka wake wa mwaka 1961. Nasi tuifuate.

I. TUONE

Kwanza, tuone mizani. Jambo hili si jipya katika nchi ya Maniema. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kuwalazimisha wanakijiji kulima pamba, na Maniema ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza kuijua kazi hiyo. Tangu mwaka 1921 kila kampuni ya pamba ilipewa eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuruhusiwa kumwuzia mwingine. Bei iliwekwa mbali na shamba. Siku ya soko mkulima alibeba kikapu chake, akakipeleka penye mizani, akangoja kuambiwa. Asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakikisha neno aliloambiwa. Alilazimishwa kulima, akalazimishwa kuuza, na mwisho akalazimishwa kusadiki.

Mchimbaji wa leo halazimishwi na askari wa serikali ile. Lakini njaa nayo ni askari. Bei ya dhahabu ya dunia hutangazwa huko London mara mbili kwa siku ya kazi, nayo huhesabiwa kwa aunsi moja, yaani gramu 31.1. Habari hiyo hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtu mwenye karai. Hujui bei, hujui uzito, na jioni watoto wangoja unga: hapo mtu huuza kwa neno lolote aambiwalo.

Pili, tuone kazi ya mshahara. Karibu na Salamabila kuna mgodi wa Namoya. Zamani za ukoloni kampuni ya Minière des Grands Lacs ilichimba dhahabu huko. Baadaye wenyeji walichimba kwa sururu na karai. Kisha kampuni ya Banro kutoka Kanada ilijenga kiwanda, nacho kikaingia katika uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa mwaka 2016. Mashine zikasaga miamba, dawa ya sianidi ikatenga dhahabu na mawe, na wachimbaji wadogo wakatakiwa kuacha mashimo waliyoyazoea. Malalamiko yakawa mengi, na watu wenye silaha wakaingia kati. Mwaka 2019 wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara, na mwezi wa Septemba mwaka huo kazi ikasimamishwa. Hivyo aliyefukuzwa shimoni hakurudishiwa shimo lake kwa bunduki, na aliyekuwa na mshahara aliupoteza.

Popote penye kiwanda, hapa au ng'ambo, mfanyakazi hukutana na shida inayofanana na ile ya mizani. Langoni kuna mashine inayoandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwisho wa mwezi karani asema, "Mashine yaonyesha kwamba ulikosa siku mbili." Mtu ajua kwamba alikuwapo, lakini hana karatasi. Akimwendea mkubwa wa kiwanda, aambiwa, "Wewe uliandikwa na kampuni ya kati, si na sisi." Akiiendea kampuni ya kati, aambiwa, "Sisi twalipa kama mashine ilivyosema." Jasho ni lake, lakini mwenye kujibu swali lake haonekani.

Tatu, tuone simu. Mwaka 2011 serikali ya Kongo ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki. Kwa sehemu zisizo na benki, shirika la Caritas lilipewa kazi ya kuwapelekea walimu wengi mishahara yao. Fedha za simu za M-Pesa nazo, zilizoanza Kenya mwaka 2007, zilifika Kongo mwaka 2012. Ni chombo chenye faida. Mama aliyeko kijijini aweza kupokea msaada wa mtoto wake aliyeko Bukavu bila mtu kutembea na fedha njiani penye wanyang'anyi.

Lakini tumtazame mzee mmoja anayelipwa kwa simu. Kijijini kwake hakuna mtandao, ambao wengi huuita rezo. Yampasa kupanda kilima. Betri imekwisha, yampasa kulipa ili ijazwe moto. Hajui kusoma maandishi ya Kifaransa, basi ampa kijana wa kabini simu yake, pamoja na namba yake ya siri. Kijana asema, "Baba, fedha zimefika pungufu," au, "Leo sina fedha za kukupa, labda uchukue nusu." Mzee hakuchagua kulipwa hivyo. Akikataa simu, akataa na fedha zake.

Mambo haya matatu yana sura moja. Mwenye jasho hasomi chombo. Anayekisoma hakutoa jasho. Na mwenye jasho akiuliza, ajibiwa, "Chombo ndicho kilichosema."

II. TUPIME

Je, mashine ni mbaya? Hapana. Jembe ni chombo, kinu ni chombo, na mashine ya kusaga mihogo imepunguza uchovu wa akina mama wengi. Chombo hakina dhambi wala fadhila. Mwenye dhambi au fadhila ni mtu anayekitengeneza, anayekiweka na anayekisoma. Kwa hiyo neno la tajiri, kwamba mizani ndiyo inayosema, ni uongo. Mizani haina kinywa. Mtu ndiye asemaye, akijificha nyuma ya mizani.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza kipimo cha nafaka na kuzidisha uzito wa mawe ya mizani, wakiwanunua maskini kwa bei ndogo. Basi njiti za mafuta si uvumbuzi mpya. Sheria ya Musa yamwamuru mwajiri amlipe kibarua ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa huyo ni maskini na autumainia. Na Mtume Yakobo afundisha kwamba ujira uliozuiliwa wapiga kelele, na kelele hizo zamfikia Mungu.

Wengine husema, "Mtu alikubali bei mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha." Baba Mtakatifu Leo XIII alilijibu neno hili katika waraka wake Rerum Novarum, tarehe 15 Mei 1891, wakati viwanda vya Ulaya vilipowalemea wafanyakazi. Afundisha kwamba mtu anayekubali ujira mdogo mno kwa sababu ya shida na hofu, huyo ameonewa, hata kama alisema ndiyo. Mwaka 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba mtu apita mtaji, kwa maana mtaji na mashine ni vyombo vya kumtumikia mtu. Na Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alijichagulia jina la Leo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa sababu siku hizi mashine zenye kuiga akili ya binadamu zaleta tena maswali juu ya heshima na haki ya mfanyakazi. Tazameni: swali la kijana wa Salamabila laulizwa hata Roma.

Je, yafaa basi kuvunja mashine? Katika Uingereza, tangu mwaka 1811, mafundi wa kufuma walivunja usiku mashine zilizowanyang'anya kazi. Mwaka 1812 serikali ikaweka sheria ya kuwanyonga wavunjaji, na mashine zikabaki. Hasira yao ilikuwa na sababu, lakini nyundo ilipiga chuma, haikumfikia mtu aliyepanga ujira. Vivyo hivyo anayechoma gari au kumteka nyara mfanyakazi mwenzake hampigi aliyemdhulumu. Haki hutafutwa kwa kumfanya mwenye kusoma chombo asome kwa sauti, mbele ya wote, na kujibu anapoulizwa.

III. TUTENDE

1. Tujifunze kupima. Asiyeweza kununua mizani aweza kuijaribu ya mwenzake. Noti moja ya dola ya Marekani, iwe ya dola 5 au ya dola 100, ikiwa safi na kavu, ina uzito wa karibu gramu 1. Noti 10 zina uzito wa karibu gramu 10. Tena maji safi ya mililita 10, yaliyopimwa kwa bomba la sindano la zahanati, yana uzito wa gramu 10. Pima kwanza kikombe kitupu, kisha kikombe chenye maji, utazame tofauti. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika mizani yake ikijaribiwa. Tukumbuke pia kwamba tola moja ni gramu 11.66. Mizani ikila sehemu 1 ya kumi katika kila gramu, mwenye kuleta gramu 10 amepoteza gramu nzima.

2. Tuandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi na aandike kila siku saa aliyoingia na saa aliyotoka. Asiyejua kuandika achore mistari, au amwombe mtoto wake wa shule. Daftari la senti chache laweza kujibizana na mashine ya langoni.

3. Tuijue sheria. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba kazi ya kawaida isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na kwamba mfanyakazi apate pumziko kila juma. Tena mshahara utolewe pamoja na karatasi inayoeleza hesabu yake. Kuiomba karatasi hiyo si ukaidi. Akinyimwa, mfanyakazi aweza kupeleka shauri kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Na sheria ya madini, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, yaagiza kwamba katika ushuru wa madini unaolipwa na kampuni, sehemu 15 katika 100 ziwe za utawala wa mahali penye mgodi. Yaagiza pia kwamba kampuni itenge angalau sehemu 3 katika 1000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hizo nazo zina daftari, na wenyeji wanayo haki ya kuuliza habari zake.

4. Tuilinde namba ya siri. Namba hiyo ni ufunguo wa ghala. Usimpe kijana wa kabini, wala usimpe jirani. Asiyejua kusoma na achague mtu mmoja wa nyumbani mwake, mwaminifu, ajifunze naye mpaka aweze kuibonyeza peke yake.

5. Twende pamoja. Mtu mmoja akiuliza, aitwa mkorofi. Watu kumi wakiuliza kwa adabu, kwa maandishi, siku moja, waitwa wajumbe. Sheria yawaruhusu wafanyakazi kuwa na chama na kuchagua wajumbe wao.

6. Tusafishe mizani yetu wenyewe. Yuko mkatekumeni anayelalamikia kampuni, kumbe kibaba chake cha mchele kina kitako cha mbao ndani. Yuko bwana wa shimo, ambaye wachimbaji humwita pedeje, anayesubirisha ujira wa vijana wake mpaka wachoke kuudai. Huyo asingoje siku ya Ubatizo ili aanze haki. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake, hakusema tu kwamba ametubu. Aliahidi kurudisha mara nne. Aliyeiba kwa mizani hana budi kurudisha. Asipowajua tena wale aliowaibia, awape maskini kiasi hicho.

MWISHO WA MFANO

Shirika lilimjibu nini yule kijana? Mama mmoja, mtwanga mawe, alisimama kwanza. Alikuwa ameuza dhahabu kwa kijana yule mara nyingi. Akasema: "Mwanangu, mkono uliosoma ni wako, basi wizi ni wako pia. Lakini sisi tukikuambia uache mshahara ule, halafu tukaenda zetu kula, wizi wa pili utakuwa wetu."

Basi wakakubaliana. Nyumba kumi na mbili zilitoa chakula kwa zamu, mpaka kijana avune shamba la mihogo alilogawiwa. Kijana alimwendea tajiri, akamwambia kwa heshima kwamba hawezi tena. Tajiri hakubishana. Kesho yake akamwandika kijana mwingine.

Hapo baadhi ya watu walisema, "Mmeona? Mmepoteza kazi bure." Lakini shirika lilikuwa limenunua mizani ndogo kwa mchango wa wote, likaiweka kwa mama mwenye duka karibu na soko, pamoja na bomba la sindano na kikombe. Kijana akawekwa kuwafundisha watu kuitumia, kwa maana hakuna aliyezijua hila za mizani kuliko yeye. Kila aliyetaka kuuza alipita kwanza hapo, akapima bila kulipa, akaandikiwa uzito juu ya kipande cha karatasi. Alipofika kwa tajiri, aliweka karatasi mezani kabla ya dhahabu.

Tajiri hakutubu siku ile. Lakini njiti zake za mafuta hazikuwa na kazi tena.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Amri ya saba yakataza nini zaidi ya kuchukua mali ya mwenzako?
Jibu: Yakataza kumpunja kwa mizani, kumzuilia ujira wake, na kumdanganya katika hesabu.

Swali: Je, mashine yaweza kutenda dhambi?
Jibu: Haiwezi. Atendaye dhambi ni mtu anayeitumia kumdhulumu mwenzake, au anayejificha nyuma yake.

Swali: Mtu aliyekubali ujira mdogo mno kwa sababu ya njaa, je, ametendewa haki?
Jibu: Hapana. Ameonewa, hata kama alikubali.

Swali: Anayeiba kwa amri ya mkubwa wake ana kosa?
Jibu: Analo. Mkubwa ana kosa la kuamuru, naye ana kosa la kutenda. Yampasa kuacha na kurudisha.

Swali: Shirika lina wajibu gani kwa yule anayeacha kazi ya wizi?
Jibu: Lina wajibu wa kumsaidia yeye na nyumba yake mpaka apate kazi ya haki.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mkatekumeni achunguze kipimo kimoja kilichomo nyumbani mwake au kazini mwake: kibaba, chupa ya mafuta, mizani, au daftari la madeni. Akikuta kimepunguzwa, akitengeneze kabla ya Jumapili. Kisha amfundishe mtu mmoja asiyejua kusoma namba jinsi ya kusoma chombo kimoja.